Jalada Lisilopotea: Mawakili wa Kisangani na Kazi ya Kuhama Karatasi

Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilipoishtaki Uganda mbele ya Mahakama ya Kimataifa ya Haki mjini The Hague, tarehe 23 Juni 1999, Kisangani ilikuwa bado haijaonja machungu yenyewe. Agosti ya mwaka huohuo majeshi ya Rwanda na Uganda yalipigana katikati ya mji kwa mara ya kwanza. Yakarudia Mei 2000. Kisha, kuanzia tarehe 5 hadi 10 Juni 2000, yakarushiana makombora juu ya mapaa ya watu wasiokuwa wa upande wowote, na mapigano hayo yakabaki na jina la Vita vya Siku Sita. Ujumbe wa Umoja wa Mataifa uliokwenda kutathmini hasara uliripoti raia zaidi ya 760 waliouawa, majeruhi wapatao 1,700, nyumba zaidi ya 4,000 zilizobomoka au kuharibika, na shule 69 zilizopigwa makombora.

Hukumu ya fidia katika kesi hiyo ilitoka tarehe 9 Februari 2022. Kongo ilikuwa imedai zaidi ya dola bilioni 11. Ilipewa milioni 325. Kati ya hizo, milioni 225 ni kwa madhara waliyopata watu, milioni 40 kwa mali na milioni 60 kwa maliasili. Tofauti hiyo kubwa ina sababu nyingi za kisheria, lakini moja inamrukia machoni kila anayeisoma hukumu: uhaba wa hati. Majaji walikubali kwamba ushahidi mwingi uliteketea vitani au haukuweza tena kufikiwa baada ya miaka yote hiyo. Hata hivyo walieleza pia kwamba fomu za wahanga walizoletewa mara nyingi hazikuwa na cha kuzithibitisha, kwa mfano cheti cha kifo. Idadi ya vifo ambavyo Uganda inapaswa kuvilipia fidia ikabidi ikadiriwe tu, kati ya 10,000 na 15,000.

Mtu wa kata ya Mangobo, mjini Kisangani, ambaye hati ya kiwanja chake iliungua pamoja na nyumba alikuwa na haki ileile aliyokuwa nayo jirani yake. Alichokosa ni kitu cha kuweka mezani.

Kwa sababu hiyo, mjadala wa ofisi za mawakili kuhama kutoka majalada ya karatasi kwenda kazi ya kielektroniki una uzito wa pekee katika mji huu. Kwingineko wauzaji wa programu huhubiri kasi, kupunguza gharama za uchapishaji na kubana nafasi ya kabati. Hayo yote yana faida. Lakini Kisangani iliangukia mikononi mwa waasi wa Simba Agosti 1964, ikatekwa na jeshi la waasi la AFDL Machi 1997, ikawa chini ya waasi tena tangu 1998, na mwaka 2000 ikageuzwa uwanja wa vita vya wageni wawili. Hapa swali la kwanza ni kama jalada lililofunguliwa leo litakuwepo baada ya miaka ishirini, na kama atakuwepo mtu anayeweza kulipata na kulifungua.

Vita si adui pekee wa karatasi. Kisangani iko nusu digrii tu juu ya ikweta, ndani ya msitu wa mvua, na mwaka mzima haupiti mwezi mkavu kweli. Ukifungua jalada la kesi lililokaa miaka kumi kwenye rafu, unakuta pini za stepla zimeshika kutu na kuacha doa la kahawia kwenye pembe ya kila ukurasa. Kurasa mbili zimegandana. Ukizibandua kwa pupa, maandishi ya moja yanabaki mgongoni mwa nyingine. Muhuri wa zambarau umefifia. Risiti iliyochapwa kwa karatasi ya joto, ile ambayo mteja aliambiwa aitunze kama mboni ya jicho, imekuwa karatasi nyeupe. Mchwa akishapata njia ya kupanda ukutani, hachagui kati ya hukumu na gazeti kuukuu.

Jalada lenyewe lina mambo mengi kuliko mtu wa nje anavyodhani. Kesi ya ardhi, ambayo ndiyo chakula cha kila siku cha mawakili wengi wa mkoa wa Tshopo, ambamo Kisangani imo, inaweza kubeba hati ya usajili wa ardhi (chini ya sheria ya tarehe 20 Julai 1973, hiyo ndiyo inayothibitisha haki ya mwenye kiwanja mbele ya dola), mkataba wa mauzo ulioandikwa kwa mkono, mchoro wa mpimaji, barua ya chifu wa mtaa, maelezo ya mashahidi yaliyochukuliwa na ofisa wa polisi kwa kalamu, hati ya kuitwa mahakamani, hoja za pande zote mbili, na mwishowe hukumu. Kesi hiyohiyo ina namba tofauti katika kila ngazi inayopita: RC kwenye daftari la madai, RCA ikifika rufaa ya madai, RP ikigeuka jinai, RPA kwenye rufaa ya jinai, RMP ikiwa ilipitia kwa mwendesha mashtaka. Wakili anaikumbuka kwa jina la mteja. Katibu wake anaikumbuka kwa rangi ya jalada na mahali lilipo kwenye rafu. Siku katibu akihama, ramani ya ofisi nzima inaondoka naye.

Hapo ndipo kazi inapoanzia, kabla hata skana haijanunuliwa. Wakili anayetaka kuhama karatasi huanza na orodha moja ya kesi zake zote, kwenye jedwali la kawaida la kompyuta: majina ya pande zote mbili, namba zote za kesi katika kila ngazi, mahakama, tarehe ya kufunguliwa, tarehe inayofuata, na mahali karatasi asili ilipo. Orodha hiyo peke yake, hata kama hakuna ukurasa mmoja uliokwisha kuskaniwa, tayari imeiondoa kumbukumbu ya ofisi kichwani mwa mtu mmoja. Ofisi inayoanza na skana bila orodha hujikuta baada ya miezi michache na mafaili elfu moja yenye majina ambayo mashine iliyapa yenyewe, tarakimu tupu zisizosema chochote. Huko ni kuihamishia fujo ya kabatini ndani ya kompyuta, na fujo ya kompyutani ni ngumu zaidi kuipekua kwa sababu huwezi kuitazama kwa jicho moja.

Baada ya orodha huja majina ya mafaili. Utaratibu unaofaa ni ule unaoweka tarehe mbele, mwaka ukitangulia, kisha namba ya kesi, aina ya hati na jina la upande uliohusika. Kwa njia hiyo kompyuta yoyote, hata ya zamani, huzipanga hati zenyewe kwa mfuatano wa matukio, na wakili anayefungua kabrasha la kesi anaisoma hadithi yake kutoka juu kwenda chini: mkataba, barua, malalamiko, wito, hoja, hukumu. Hakuna programu ya kulipia inayohitajika kwa hilo. Kinachohitajika ni ofisi nzima, kuanzia wakili mkuu hadi stajie (wakili aliye mafunzoni) wa jana, kukubali kanuni moja na kuifuata kila siku.

Kuskani kwenyewe kuna hesabu zake. Kiwango kinachopendekezwa kwa maandishi ni nukta 300 kwa inchi. Ukurasa wa maandishi meusi kwenye karatasi nyeupe, ukiskaniwa hivyo bila rangi, mara nyingi hauzidi kilobaiti 100, hivyo jalada la kurasa 400 linaweza kuingia ndani ya megabaiti 40. Kwa rangi uzito unapanda mara nyingi zaidi, na mtandao wa Kisangani utamkumbusha wakili tofauti hiyo mara tu atakapojaribu kulituma Kinshasa. Rangi ihifadhiwe kwa zile hati ambazo rangi yake ni ushahidi: muhuri, saini ya wino wa buluu, mchoro wa mipaka. Kwa kuhifadhi miaka mingi upo muundo maalumu wa PDF uitwao PDF/A, uliowekwa kuwa kiwango cha kimataifa mwaka 2005, ambao hubeba ndani yake kila kinachohitajika ili hati isomeke hata programu iliyoitengeneza ikishasahaulika.

Lakini ukurasa ulioskaniwa ni picha tu. Kompyuta haijui kilichoandikwa humo mpaka ifundishwe kusoma. Zipo programu za kutambua maandishi, mojawapo ya bure ikiwa Tesseract, zinazosoma Kifaransa kilichopigwa chapa vizuri na hata Kiswahili. Hukumu iliyochapwa kwa kompyuta zinaisoma karibu bila kosa. Hati iliyopigwa kwa taipureta yenye utepe uliochoka zinaisoma kwa kubahatisha. Maelezo ya polisi yaliyoandikwa kwa mkono, tena juu ya goti, haziyawezi. Hapo lazima binadamu asome na kuandika kwa ufupi: nani alisema, lini, kuhusu nini.

Mkoa wa Tshopo una mfano mzuri wa jambo hili, na hautoki mahakamani. Yangambi, kituo cha utafiti kilichoko kilomita kama 100 kutoka Kisangani ukishuka mto, kilikuwa na madaftari ambamo kuanzia 1937 hadi 1958 watafiti waliandika wiki baada ya wiki hali ya miti zaidi ya 2,000 ya msitu: lini inachanua, lini inazaa, lini inapukutisha majani. Karatasi hizo zilinusurika. Zikapigwa picha, na mwaka 2015 mtafiti Koen Hufkens akaziweka mtandaoni katika mradi ulioitwa Jungle Rhythms, ili watu wa kujitolea ulimwenguni kote wasome alama zile za mkono na kuzigeuza kuwa takwimu. Picha peke yake isingewafaa wanasayansi. Kazi kubwa ilikuwa ya macho na subira, na matunda yake ni kwamba kumbukumbu ya msitu wa Tshopo, iliyokaa miongo kadhaa bila kutumika, sasa inasaidia kueleza jinsi miti ya ikweta inavyoitikia mabadiliko ya hali ya hewa. Kama madaftari ya miti yaliweza, maelezo ya mashahidi wa kata za Makiso na Kabondo yanaweza pia.

Sheria inasemaje? Kwa muda mrefu jibu lilikuwa la mashaka, na mawakili wengi walijificha nyuma ya mashaka hayo. Tangu tarehe 13 Machi 2023 Kongo ina Kanuni ya Dijitali, yaani amri-sheria nambari 23/010. Inatambua maandishi ya kielektroniki kuwa ushahidi wenye nguvu sawa na ya karatasi, mradi aliyeyatoa aweze kutambulika, na mradi yawe yametengenezwa na kutunzwa kwa namna inayohakikisha hayakuchezewa. Inaweka pia misingi ya saini ya kielektroniki na ya kulinda taarifa binafsi za watu.

Hata hivyo, kuna tofauti ambayo ofisi nyingi huichanganya. Hati iliyozaliwa kwenye kompyuta na hati ya karatasi iliyopigwa picha hazisimami mahali pamoja. Sheria ya mikataba na madeni ya tarehe 30 Julai 1888, iliyotungwa enzi za mfalme Leopold na ambayo misingi yake bado inatumika, inashika kanuni ya zamani: hati asili ikiwa bado ipo, nakala huthibitisha tu yale yaliyomo katika asili, na asili yenyewe yaweza kudaiwa wakati wowote. Kwa hiyo wakili anayeskani mkataba wa mteja kisha akautupa ili kupunguza rafu anamwangamiza mteja wake. Karatasi asili inabaki. Kinachobadilika ni kazi yake: inatoka mezani, ambako ilikuwa inashikwa, kukunjwa na kumwagiwa chai, inakwenda kwenye sanduku kavu lililoandikwa namba, na haiguswi mpaka jaji aiombe. Kazi ya kila siku, kusoma, kunukuu, kutuma, kulinganisha, inafanyika kwenye nakala.

Halafu kuna suala la muda. Rufaa ya madai Kongo ina siku 30. Rufaa ya jinai ina siku 10. Kwenda Mahakama ya Kasasheni, Kinshasa, kwa kesi ya madai ni miezi mitatu. Mtu akiitwa mahakamani kwa kesi ya madai apewe angalau siku nane kamili, na sheria inaongeza siku moja kwa kila kilomita 100 za umbali. Kifungu hicho kiliandikwa mwaka 1960, wakati wito ulisafiri kwa miguu, kwa baiskeli na kwa mtumbwi, na mkoani Tshopo bado kinaeleza maisha yalivyo. Mkoa huu, uliopatikana mwaka 2015 baada ya kugawanywa kwa ile Province Orientale ya zamani, una karibu kilomita za mraba 200,000 na wilaya saba: Isangi, Opala, Ubundu, Banalia, Bafwasende, Basoko na Yahuma. Mteja wa Opala akileta hati mpya siku ya ishirini na nane, hakuna muda wa kuanza kupekua rafu. Wakili ambaye jedwali lake lina safu ya tarehe ya mwisho ya rufaa, na simu inayomwonya siku kumi kabla, analinda haki ambayo hakuna ufasaha wa mahakamani unaoweza kuirudisha ikishapita. Kwa maoni ya mwandishi huyu, kalenda hiyo ndiyo sehemu yenye thamani kubwa kuliko zote katika kazi ya kielektroniki, na ndiyo ya bei rahisi kuliko zote.

Nchi jirani zimetembea njia nyingine. Rwanda ilizindua mwaka 2016 mfumo mmoja unaounganisha polisi, waendesha mashtaka, mahakama na magereza. Tanzania ilitunga mwaka 2018 kanuni za kufungua mashauri kwa njia ya kielektroniki. Kenya ilianza Nairobi tarehe 1 Julai 2020, korona ikiwa imefunga milango ya mahakama, na mwezi Machi 2024 Jaji Mkuu Martha Koome alitangaza mjini Mombasa kwamba mfumo huo sasa unafika nchi nzima. Uganda iliwasha mfumo wake tarehe 1 Machi 2022.

Katika nchi zote hizo mahakama au serikali ndiyo iliyosukuma. Wakili wa Nairobi ambaye alipenda karatasi zake kuliko kitu chochote aliamka asubuhi akakuta kaunta ya kupokea hati imehamia kwenye skrini, na ada inalipwa kwa simu. Akajifunza kwa lazima. Kenya ilikuwa imelalamikiwa miaka mingi kwa majalada kupotea mahakamani siku moja kabla ya kesi na kuonekana tena baada ya mtu kutoa chochote. Mfumo wa kielektroniki haujaondoa ila zote, lakini umeifanya njia hiyo ya kula kuwa ngumu, kwa kuwa hati iliyopokelewa ina saa, dakika na namba yake.

Kisangani hakuna anayesukuma. Mahakama ya Rufaa ya Tshopo na mahakama zilizo chini yake bado zinafanya kazi kwa daftari, muhuri na jalada la karatasi, na hoja za wakili hupokelewa kwa nakala zilizochapwa. Ofisi ya wakili ikihama, inahama kwa hiari yake, na kila siku inalazimika kurudi kwenye karatasi ili kuzungumza na mahakama. Wengi huiona hali hiyo kuwa sababu ya kusubiri. Inafaa iwe sababu ya kuanza. Ofisi iliyozoea kupanga, kutaja majina na kutunza nakala zake haitashtuka siku mfumo wa serikali utakapofika, na wakati huohuo inakuwa na kumbukumbu yake mwenyewe pale ambapo jalada la mahakama halionekani. Nakala iliyoskaniwa yenye muhuri wa mapokezi wa karani mara nyingi ndiyo inayowezesha jalada lililopotea kujengwa upya.

Umeme ndio udhuru unaotajwa kwanza. Kisangani inapata umeme kutoka bwawa la mto Tshopo, ndani ya mji wenyewe, kwa mitambo mitatu ya zamani. Mmoja ukisimama, vitongoji vinagawana giza kwa zamu, na neno delestaji (mgao wa umeme) linajulikana hata kwa watoto. Lakini kompyuta mpakato haitumii umeme mwingi, na skana ndogo ya kubebeka hupata umeme kupitia waya wa kompyuta hiyohiyo. Paneli moja ya sola na betri yake vinatosha ofisi ya mawakili wawili au watatu. Mashine ya fotokopi, ambayo ofisi za karatasi haziwezi kuishi bila hiyo, hula umeme mwingi zaidi.

Mtandao ni tatizo zito zaidi, na mpango mzuri ni ule usioutegemea kila dakika. Mafaili ya kazi yakae kwenye kompyuta ya ofisi. Nakala ya pili iwe kwenye diski ya nje inayofungiwa mahali pengine kabisa. Wakili anayeishi Lubunga, ng'ambo ya mto Kongo, ana bahati kwa hilo, maana moto au wezi wa Makiso hawatavuka naye kwenye mtumbwi. Nakala ya tatu iende kwenye hifadhi ya mtandaoni, ikipandishwa usiku wakati laini ni nyepesi. Mwezi Mei 2025 mamlaka ya mawasiliano ya Kongo iliiruhusu Starlink, iliyokuwa imepigwa marufuku mwaka mmoja kabla, na kwa miji ya bara kama Kisangani hilo linaongeza njia nyingine ya kufikia hifadhi hiyo.

Hatari ambayo haizungumzwi vya kutosha ni ya siri. Wakili wa Kongo anafungwa na siri ya kazi, na kuivunja ni kosa la jinai. Sasa tazama safari ya hati ya kawaida. Mteja anaipiga picha kwa simu na kuituma WhatsApp. Stajie anaipokea kwenye simu yake binafsi, ambayo mdogo wake huchezea jioni. Inapotakiwa kuchapwa, anaitia kwenye flash na kwenda bureautique (duka la kuchapa hati) iliyo jirani na mahakama. Kijana wa bureautique anaifungua, anaichapa, analipwa, na nakala inabaki kwenye kompyuta yake pamoja na mamia ya nyingine: mikataba, madai ya talaka, maelezo ya msichana aliyebakwa. Upande wa pili wa kesi huchapa kwenye mashine ileile. Flash inarudi ofisini na kirusi ndani yake.

Karatasi ilikuwa na kinga moja, kwamba ilibidi mtu aje kuiiba. Ofisi inayohamia kompyutani bila nenosiri kwenye kila kifaa, bila diski iliyofungwa kwa usimbaji na bila printa yake yenyewe imeongeza milango ya mwizi. Printa ndogo ya leza inagharimu pesa, naam. Kwa mtu anayeshika siri za watu, ni kifaa cha lazima kama kitabu cha sheria, na inapaswa kununuliwa kabla ya skana.

Yote haya yanarudi kwenye maisha ya watu wa mji kwa njia iliyo wazi sana. Fedha za Uganda zilipangwa kulipwa kwa awamu tano za dola milioni 65, moja kila Septemba kuanzia 2022 hadi 2026. Kuzigawa kuliachiwa mfuko maalumu wa fidia, FRIVAO, ulioanzishwa kwa dikrii mwaka 2019 na ambao makao yake yako Kisangani. Orodha za wahanga zimezua manung'uniko mengi. Mjane ambaye mumewe alifia barabarani Juni 2000 anatakiwa aonyeshe kwamba alikuwa mke, kwamba mume alikufa, na kwamba alikufa katika siku hizo. Pengine alipeleka hati zake kwa shirika moja mwaka 2001, kwa wakili mwingine mwaka 2010, na fotokopi ya fotokopi ndiyo iliyobaki mkononi mwake. Na wahanga wapya wanazidi kuongezeka: mgogoro wa ardhi kati ya Wambole na Walengola uliolipuka mwaka 2023 ulichoma nyumba hadi Lubunga na kuwakimbiza maelfu ya watu kuingia mjini, wengi bila kipande cha karatasi.

Wakili anayempokea mtu kama huyo leo anaweza kumfanyia jambo ambalo halikuwezekana mwaka 2000. Kabla ya kujadili ada, askani kila alichokuja nacho, kadi ya mpigakura, barua ya hospitali, picha ya nyumba ilivyokuwa, kisha amrudishie karatasi zake pamoja na nakala kwenye simu yake au ya mwanawe. Ni kazi ya dakika kumi na tano. Ikifanyika katika ofisi zote za mji kwa utaratibu mmoja, Tshopo itakuwa na hazina ya ushahidi ambayo kombora moja au moto mmoja hauwezi kuimaliza.

Utaratibu mmoja ndio unaokosekana, na kuupata hakuhitaji bunge wala mfadhili. Chama cha mawakili kina batonie (mkuu wake) na baraza lake, lenye uwezo wa kuweka kanuni kwa wanachama. Baraza linaweza kuamua kwamba mawakili wa pande mbili wapeane hoja na vielelezo kwa PDF kwa barua pepe, mbali na nakala za mahakama. Kwamba kila ofisi iwe na nakala ya pili nje ya jengo. Na kwamba stajie, katika miaka miwili ya mafunzo yake, afundishwe kupanga jalada la kielektroniki kama anavyofundishwa kuandika hoja. Kitivo cha sheria cha Chuo Kikuu cha Kisangani, kilicho katika mji huohuo, kinaweza kuanza mapema zaidi, darasani. Za kutangulia kuskaniwa zinajulikana: kesi ambazo siku zake za rufaa zinahesabika sasa hivi, kisha hati za wahanga ambazo hazina nakala nyingine popote.